Anwani ya Mtu ni Amana

Ndugu Wanachama,

Mkutano uliopita ulizua maneno mengi juu ya waraka wa barua pepe tunaokusudia kuwapelekea wageni na wenye maduka wanunuao asali, mdalasini na pilipili manga za mashamba yetu. Karafuu hazimo; zina njia yake ya sheria. Baadhi ya wenzetu walitoa shauri tununue orodha ya anwani, au tunakili daftari la wageni la hoteli, ili tuanze na watu wengi. Nia yao twaifahamu, maana asali ya msimu uliopita ingali ghalani. Lakini shauri lenyewe twaona halifai.

Mwaka 1978 huko Marekani, Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta, aliwapelekea watu kiasi cha 400 tangazo wasiloliomba. Malalamiko yalikuwa mengi, naye akaonywa asirudie. Tangu hapo barua za namna hiyo zimezidi mno, hata makampuni ya barua pepe yameweka mitambo ya kuzichuja. Wapokeaji wengi wakilalamika, mitambo hiyo huzitupa hata barua tunazowapelekea waliotuomba. Basi orodha ya kununua huiharibu ile ya halali, kama karafuu mbichi zinavyovundisha gunia la karafuu kavu.

Yatupasa kufanya hivi. Mgeni afikaye shambani aulizwe. Akiridhia, aandike anwani yake kwa mkono wake, kisha apelekewe barua moja ya kuthibitisha. Waraka utoke mara moja kwa mwezi, bila kukosa, hata wakati wa uchumaji. Khabari zitangulie bei: kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, vipi huchambuliwa na kuanikwa majamvini, na mvua ya ghafla humtia mkulima hasara gani. Mtu akiijua kazi yetu hataona bei yetu ni kubwa. Na chini ya kila waraka iwepo njia nyepesi ya kujitoa. Atakayejitoa afutwe siku hiyo hiyo, bila ya kuulizwa sababu.

Orodha hii itakua polepole. Lakini nani kati yetu aliyepanda mkarafuu akataka kuchuma mwaka wa kwanza? Twangoja miaka sita au zaidi, na huku twapalilia.

Mwenye kupinga na aje na hoja zake mkutano ujao. Daftari la kuandikia anwani tumekwisha liweka ofisini. Kila mwenye shamba lipokealo wageni na aje achukue karatasi zake.

Katibu wa Chama