Ujasiriamali na Kitabu Si Wake Wenza

Limezuka neno katika mazungumzo ya walimu na wazazi ambalo halistahili kupita bila kujibiwa. Yasemwa kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuonja fedha hataki tena kuonja kitabu, na ushahidi utolewao ni mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona. Mimi nasema ushahidi huo umesomwa kichwa chini.

Na tuyakumbuke mambo yalivyokuwa. Amri ya kufunga shule ilitoka Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini. Kidato cha sita walirudi Juni 1. Wenzao wa vidato vya chini wakangoja mpaka Juni 29. Katika mkoa wa Simiyu miezi hiyo si mitupu. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni nchi ya pamba, na Mei ni mwezi wa kuichuma. Basi shule ilipofunga mlango wake, shamba lilifungua wake. Masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni. Lakini redio haiulizi nani ameelewa, na nyumba isiyo na umeme haina televisheni. Kijana akachuma pamba, akachunga ng'ombe, akauza michembe gulioni. Aliporudi darasani hali amesahau aljebra, watu wakanena: biashara imemharibu!

Biashara gani hiyo? Achumaye pamba bila kujua gharama yake wala sababu ya bei yake hafanyi biashara, anafanya kibarua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana huyo alikosa daftari, na aliyepaswa kumpa ni sisi walimu.

Tazama mfano ulio karibu. Msimu wa 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa na pamba yao wakingoja fedha. Katika jambo hilo moja mna asilimia, mna jiografia ya masoko, mna lugha ya mkataba. Mwanafunzi ambaye angaliambiwa mwaka uliofuata aandike kilo alizochuma, siku alizotumia, na bei ya mbegu na dawa, kisha atafute faida au hasara, angalirudi shuleni na hesabu yake mkononi. Shamba lingalikuwa darasa, na mtihani wa Novemba usingalimkuta mgeni.

Lakini siwaungi mkono walio ng'ambo ya pili. Wapo wanaotaka ujasiriamali uwe orodha ya fasili za kukaririwa. Hao huzaa vijana wajuao maana ya mtaji wasiojua kuutunza. Wapo wengine, wabaya zaidi, wasemao kwamba mtoto wa mkulima afundishwe kuuza, cheti awaachie watoto wa mjini. Huo ni ubaguzi uliovikwa kanzu ya huruma. Mtoto wa Itilima anayo haki ya kuwa daktari, na akipenda kuwa mfanyabiashara, anayo haki ya kuwa mfanyabiashara asiyepunjwa.

Tulikwisha kuonywa. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na masomo vifungamane. Katika shule nyingi jembe likageuka adhabu ya wachelewaji, na fungamano likakatika. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta mkondo wa amali. Ukifundishwa mbali na hesabu, sayansi na lugha, tutakuwa tumelirudia kosa lile kwa jina jipya.

Basi atakaye kupima ujasiriamali kwa matokeo ya mitihani baada ya korona, kwanza atuonyeshe mahali ulipofundishwa miezi ile. Asipoweza, na aache kulaumu biashara. Alaumu ukimya wetu, tuliomwacha mtoto shambani kwa siku zaidi ya mia moja bila swali hata moja la kujibu.