Nilidisco angani

Kimya kirefu, najua, UE ilinikaba koo. Leo naandika ile habari ninayoulizwa kila siku pale kafeteria: "Hivi wewe si ulikuwa unasomea urubani? Imekuwaje tena uko huku na sisi?" Huwa najibu hela iliisha. Uongo. Nilianguka.

Nilikuwa Afrika Kusini, nina saa 63 angani. Usiku mmoja bwenini nikazinduka niko sakafuni, ulimi umeng'atwa, mshkaji wangu wa chumbani analia. Alisema nilitikisika kama kuku aliyechinjwa. Hospitali wakapima kichwa, wakapima damu, hawakuona sababu. Na wiki mbili mbele nilikuwa na zamu ya kupimwa afya upya. Ile fomu inakuuliza wazi kama umewahi kupoteza fahamu. Mshkaji akaniambia, "Andika hapana bwana, aliyeona ni mimi tu."

Nikaandika ndiyo. Cheti cha daraja la 1, ambacho bila hicho huwezi kuwa rubani wa kulipwa, sikukipata tena. Wenzangu mnadisco kwa kufeli, mimi nilidisco angani huku nina A ya navigesheni.

Mpaka leo kuna ndugu wananiona bwege, hasa wakikumbuka kiwanja cha Kibaha alichouza mzee. Nawaelewa. Lakini jamani, ukiruka solo uko peke yako kabisa, na chini kuna nyumba za watu!

Hata hivyo siwacheki wanaoficha. Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, aliyewaficha waajiri kwamba anaumwa akili, aliiangusha ndege Ufaransa makusudi, wakafa watu 150. Ugonjwa wake si wangu. Ila wachunguzi wa Ufaransa walisema kwenye ripoti yao ya 2016 kwamba woga wa kupoteza kazi na kipato unawafanya marubani wasiseme. Hapo ndipo ninapokasirika. Siku tunalipa ada, tuliambiwa kila kitu mpaka rangi ya soksi, hakuna aliyetuambia mwili ukigoma utafanya nini. Bima ya kupoteza leseni ipo duniani, mimi niliisikia nikiwa nimesharudi nyumbani!

Basi, nikarudi, na kila mtu akawa mshauri. Mjomba: "Nenda kaongoze ndege pale mnarani." Shikamoo mjomba, muongoza ndege naye anapimwa, daraja la 3, na mambo ya kuanguka yanamkataza vilevile. Shangazi akaleta ufundi wa ndege. Kweli, leseni ya fundi kwa viwango vya ICAO haidai cheti cha daktari kama cha rubani. Lakini mimi spana na grisi vinanishinda, hata baiskeli yangu inatengenezwa na mdogo wangu.

Wote walikosea kitu kimoja, na mimi nilikosea nao karibu mwaka mzima: walinitafutia kazi iliyo karibu na ndege. Nikawaza hivi, nitakaa uwanjani miaka thelathini nawaangalia wenzangu wakipanda ngazi? Nitakuwa mchawi! Nadhani swali la kujiuliza ni jingine: ndani ya ile kazi, ulikuwa unapenda nini hasa?

Mimi, nikisema ukweli, nilikuwa napenda asubuhi kabla ya kuruka. Wenzangu waliona zile METAR na TAF, zile taarifa za hali ya hewa za herufi na namba, kama adhabu. Mimi nilizisoma kama gazeti la udaku. Kule Johannesburg, mita kama 1,700 juu ya bahari, kiangazi anga ni safi asubuhi, saa tisa mchana radi zinapasuka, na joto likizidi hewa inakuwa nyepesi, ndege inakula barabara ndefu kabla ya kunyanyuka. Nilikuwa nabishana na mwalimu saa ngapi wingu litaiva. Mara nyingine nilishinda.

Ndiyo maana niko hapa Mlimani nasoma metiorolojia. Sikufuata ndege. Mkulima wa Ismani na nahodha wa boti ya Zanzibar nao wanalihitaji hilo wingu langu.

Sijapona roho, nisiwadanganye. Ndege ikipita juu ya hosteli bado nanyanyua kichwa, halafu naangalia ilivyokaa upepo. Dawa nameza saa mbili usiku, na wewe unayelala kitanda cha juu yangu sasa unajua ni za nini. Nikianguka, nilaze ubavu, usinitie kijiko mdomoni.

Haya, kesho nina testi ya fizikia ya mawingu. Nimeishiwa na boom pia, mwenye chipsi anikumbuke.