Kompyuta ikikataa kuwaka, anzia ukutani

UMEIUNGA kompyuta yako mwenyewe nyumbani, kipande baada ya kipande. Kasha ulipewa na mjomba, bodi kuu ukainunua Luthuli Avenue, kumbukumbu ukaazimwa na rafiki wa chuoni. Imekuhudumia vyema. Leo unabonyeza swichi, kimya. Hakuna taa, hakuna feni, na kesho kutwa mhadhiri anaitaka kazi yake.

Msomaji, usiharakishe kuihukumu bodi kuu. Hiyo ni ghali, na si haba walionunua nyingine wakaja kugundua kwamba iliyokufa ni pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuipunguza hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajiwa na vifaa vya ndani.

Anzia ukutani. Chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile. Ikiwaka, jaribu waya wa skrini, kwani mara nyingi hufanana na ule wa kompyuta. Plagi zetu za pini 3 zina fyuzi ndogo ndani, nayo huungua bila kuaga. Kisha tazama swichi iliyo nyuma ya pawa saplai: upande wenye mstari ni wa kuwasha, wenye duara ni wa kuzima. Usicheke. Anayepangusa vumbi huizima bila kujua.

Pawa saplai nyingine, hasa za zamani, zina swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hapa Kenya lazima iwe 230. Mtoto akiisukuma hadi 115 nawe uwashe, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na hapo hakuna tena la kuchunguza.

Kama yote hayo ni sawa, chomoa waya ukutani ndipo ufungue kasha. Sukuma vizuri plagi kubwa ya matundu 24. Karibu na prosesa kuna nyingine ya matundu 4 au 8, na hii ndiyo wanaojiundia kompyuta huisahau: feni huzunguka lakini skrini hubaki giza. Hakikisha pia kwamba vijiwaya vya kitufe cha mbele havijang'oka.

Bado kimya? Chomoa kila kitu kinacholishwa na pawa saplai, ubakishe feni moja tu iwe mzigo wake. Katika ile plagi kubwa tafuta waya wa kijani, uko peke yake. Stima ikiwa imezimwa, unganisha tundu lake na la waya mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, ondoa mkono, kisha washa. Feni isipozunguka, pawa saplai imekufa. Ikizunguka, i hai, ingawa yamkini ni mgonjwa. Mwenye mita apime: waya wa manjano usipungue volti 11.4 wala kuzidi 12.6, nao mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa nyaya zote ni nyeusi, kama zilivyo nyingi za siku hizi, usibahatishe, mpelekee fundi.

Jambo moja nasisitiza, hasa kwa wazazi wenye vijana wadadisi. Skurubu za pawa saplai yenyewe zisiguswe. Ndani mna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na zinaweza kumpiga mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua.

Kuna ugonjwa mwingine wa hila: kompyuta inawaka vizuri, lakini ukianza mchezo wenye picha nzito inajizima. Huenda vumbi limeziba feni ikapata joto, au pawa saplai imelemewa na kadi ya picha uliyoongeza juzi. Safisha kwanza, halafu jumlisha wati.

Isitoshe, stima ikipotea mtaani, chomoa kompyuta. Inaporudi huja kwa kishindo, na hapo ndipo pawa saplai nyingi hufia.

Ukienda kununua nyingine, usidanganywe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Soma kwenye kibandiko ni ampea ngapi zinazotoka katika volti 12. Iinue pia kwa mkono. Ile nyepesi kama kopo tupu irudishe. Na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kabla hujatoa pesa.