Uvutano, Uzito na Kitovu cha Dunia

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mawaidha na siasa, ila fizikia hakiiwezi. Kwa sababu hiyo, wasema, mwanafunzi akivuka elimu ya msingi sharti apokelewe na Kiingereza. Dai hilo nalipinga kwa swali moja: uzito wa kitu hubadilikaje kikishushwa ndani ya dunia?

Tuanze na neno lenyewe, uvutano. Mzizi ni vuta, na kiambishi -an- chatangaza kutendana: dunia yalivuta jiwe, nalo jiwe laivuta dunia. Kanuni aliyoichapisha Newton mwaka 1687 imo ndani ya mnyambuliko wetu. Asemaye "graviti" amekopa sauti, maana ameiacha nyuma.

Tukilifuata neno hilo, jibu laja lenyewe. Ikiwa kila chembe ya maada huvutana na nyingine zote, aliye chini ya ardhi havutwi kuelekea chini tu. Tabaka zilizo juu yake nazo zamvuta. Newton alithibitisha kuwa ganda la tufe, likiwa sawa pande zote, mivuto yake hutanguana kwa aliye ndani yake. Humvuta lile tufe lililosalia chini ya miguu yake tu. Lau dunia ingekuwa na msongamano mmoja kote, uvutano ungepungua sawia hadi sifuri kitovuni.

Lakini haina msongamano mmoja. Kiini chake, chenye chuma kwa wingi, kimesongamana kuliko miamba ya juu, hivyo mtu ashukapo hukikaribia kilicho kizito zaidi. Mwaka 1854 mnajimu George Airy alilinganisha pendulamu mbili katika mgodi wa makaa wa Harton, Uingereza: ile ya chini ilibembea upesi kuliko ya juu. Usoni pa dunia mchapuko wa kitu kiangukacho ni kama mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi, mpakani mwa kiini, hufika takriban 10.7. Toka hapo hushuka hadi sifuri kitovuni, kilomita 6,371 chini yetu.

Kitovuni, basi, uzito haupo, ila tungamo halikupungua hata chembe. Hapa ndipo tunapoteleza. Sokoni Buguruni twasema "uzito wa kilo moja", ilhali kilo ni kipimo cha tungamo. Mizani ya sahani mbili hulinganisha tungamo: chini ya mgodi wa Harton, kilo ya mchele ingali sawa na jiwe lake la kilo. Mizani ya springi hupima uzito, nayo huko ingeonyesha zaidi kidogo.

Sitaki muuza mchele abadili kauli yake. Soko lina lugha yake. Mwalimu na mwandishi hawana udhuru huo. Nanyi washairi, msiokubali mshororo upungukiwe na mizani moja, mwastahili kuwa wa kwanza kuyatumia maneno haya kwa haki yake. Uvutano, tungamo na mchapuko yakibaki kamusini bila kuimbwa wala kufundishwa, yatakufa humo, na wale wasomi watatuonyesha kaburi lake kama ushahidi.