BUSTANI YA DIRISHANI: Ua Lililokataa Kufanana na Mama Yake

Juma lililopita nilipokea barua ya Bibi mmoja akaaye Jericho, hapa Nairobi. Ana ua moja la Usambara katika mkebe wa Kimbo, alilolirithi kwa marehemu mama yake. Ua lenyewe ni jeupe, na katikati ya kila petali umepita mstari wa buluu kama uliochorwa kwa kalamu. Mwaka jana alimpa jirani yake majani mawili ayapande, ili aina hiyo isipotee. Majani yakashika, miche ikakua, na ilipochanua ikatoa maua ya buluu tupu. Tangu siku ile Bibi huyo hasemi na jirani yake, kwani anaamini kwamba amebadilishiwa majani.

Kwa heshima namwambia kwamba jirani hana kosa.

Asili ya mmea huu si ya mbali. Mnamo 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliuona katika Usambara akaupeleka kwao. Mwaka 1893 Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Nasi Kenya tunao jamaa zake, mmoja mlimani Mbololo katika Taita, na mwingine katika majabali ya chokaa ya Kilifi. (Mwaka 2015 wataalamu waliutia katika ukoo wa Streptocarpus, lakini wapenda maua hawajaliacha jina la kale, wala mimi.) Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua Armacost na Royston wa Los Angeles waliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi tu. Mmoja wao uliitwa Blue Boy, nao ukawa na wajukuu wengi mno.

Sasa, ua la machotara halihifadhiwi kwa mbegu, maana mbegu huchanganya upya damu ya wazazi. Ndiyo sababu watu hupanda jani, na kwa kawaida jani hutoa mmea ule ule. Lakini ua lenye mstari wa namna hii lina mwili wa asili mbili: ngozi ni ya asili moja, na nyama iliyo chini yake ni ya nyingine. Mche wa jani huzaliwa katika tabaka moja tu, basi hurudi na rangi moja.

Dawa ni kikonyo cha ua. Bibi na akate kikonyo kibichi chenye vijani viwili vidogo, akipande katika udongo mwepesi wenye unyevu, vijani viguse udongo, kisha akifunike kwa gilasi au mfuko wa plastiki uonyeshao ndani. Katika makwapa ya vijani hivyo mna macho yenye tabaka zote mbili, nayo ndiyo yatakayotoa miche yenye mstari. Itamlazimu kungoja miezi kadhaa. Apande vikonyo vitatu au vinne, kwa kuwa vingine huoza. Wako wanaokata kichwa cha mmea ili kisiki kitoe machipukizi, lakini mwenye mmea mmoja tu asithubutu kuanza na njia hiyo.

Na ile miche ya buluu isitupwe. Yafaa kwa kuzalisha aina mpya: hupasuliwa kifuko cha manjano, chavua ikapakwa kwenye kijiti kichomozacho katikati ya ua la mmea mwingine. Tunda hukaa miezi sita au zaidi kabla ya kukomaa. Mbegu zake ni kama vumbi, hivyo hunyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa. Watoto hao wapewe jina lao wenyewe, wala wasiitwe kwa jina la ua la marehemu.

Baridi ya Julai inapoingia, mmea usiachwe usiku kucha karibu na kioo, wala majani yasimwagiwe maji ya bomba yaliyo baridi, kwani hupata madoa yasiyotoka. Mkebe wa Kimbo wafaa kabisa, mradi utobolewe chini.