Jezi Hazilipi Deni la Kopo

Mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alipata kuipa timu ya vijana wetu hapa Chiungutwa jezi na mpira. Siku ya kukabidhi tulipiga makofi, nami nikiwamo. Nilipiga makofi huku nikijua kwamba jezi aliyovaa mwanangu nilikwisha kuilipia.

Niliilipia Februari, ghala likiwa tupu na mikorosho haijatoa hata ua. Nilimwendea mtu huyo nikakopa madebe mawili ya mahindi. Oktoba akazifuata korosho zangu, akazipima kwa kopo lake mwenyewe, kila mara likijazwa hadi likafanya kichuguu.

Hiyo ndiyo kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ulitarajiwa kuimaliza. Haikwisha. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ililazimika kuhakiki mashamba ya wauzaji ili kuwabaini wenye magunia mengi wasio na mikorosho.

Wapo wasemao: mkulima alikubali mwenyewe, hakushikiwa fimbo. Ndugu zangu, njaa ni fimbo. Aliyeshiba akipatana na mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana, bei hupangwa na mmoja tu.

Wengine husema kazi ya biashara ni faida, si sadaka. Nakubali, tena kwa moyo mmoja. Mfanyabiashara ana lori la kulipia, ana vibarua, ana hasara ya bei kuanguka. Apate faida yake. Mimi sidai sadaka. Nadai mizani iliyokaguliwa, bei inayojulikana kabla ya mavuno, na malipo kwa wakati. Akiyatimiza hayo, amemaliza wajibu wake wa kwanza kwa jamii. Baada ya hapo akitaka kutoa jezi, atoe; asipotaka, hatumdai.

Lakini anayechukua magunia usiku na kurudisha jezi mchana hajatusaidia. Amenunua ukimya wetu, tena kwa fedha zetu wenyewe. Nasi tunaopiga makofi ndio tunaomuuzia.

Msimu ule mwanangu aliniuliza kwa nini korosho zetu hazikupelekwa chama cha msingi kama za jirani. Nilimwambia akacheze mpira. Akaenda, amevaa jezi yake mpya.