Honi Kubwa Sebuleni: Unanunua Muziki au Unanunua Picha ya Kuposti?

Leo siongelei nani kaachana na nani, tulieni kwanza.

Juzi kuna staa mmoja wa Dar, jina naliacha maana sitaki kesi, katupia klipu ya sebule yake mpya. Masofa meupe, taa za buluu kwenye dari, na pembeni ya TV, huku na huku, zimesimama spika mbili za honi zinazomfika kifuani. Siyo sabufa zetu hizi za mezani. Honi kabisa, midomo imepanuka kama tarumbeta, mbao zinang'aa. Komenti zikafurika. "Bei gani kaka?" "Nipe koneksheni." "Msimu ukifika na mimi navuta chuma." Huyo wa mwisho nikajua tu ni wa kwetu Kusini. Komenti zote nilizopitia, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza chumba kina mita ngapi.

Mimi naishi Chidya. Kwa msiopajua, ni huku Masasi, upande wa kuelekea Newala. Huku mshahara wetu ni korosho. Minada ikianza mwezi wa kumi, hela ikaingia kupitia MAMCU kwetu na TANECU kwa wenzetu wa Newala, kila fundi anapata kazi. Watu wa mjini mnapenda kutucheka kwa vile vijistori vya mbuzi kunyweshwa bia. Sawa, chekeni. Ila hamsemi kwamba hiyo hela inajenga nyumba na kusomesha watoto. Na baada ya bati na pikipiki, ndiyo, kinachofuata ni muziki. Mtu aliyekulia kwenye ngoma, kila mwaka anaona wali wanatolewa na mapiko yanacheza uwanjani, utamwambia nini kuhusu kupenda sauti kubwa?

Kwa hiyo sijaja hapa kusema honi ni ushamba. Naona honi nyumbani ni chaguo zuri sana, na kwa mtu wa kijijini anayetumia sola ni zuri kuliko hata kwa huyo staa. Shida ni kwamba tunachagua honi kwa macho. Nayasema haya nikiwa mkosaji mwenyewe, maana hela iliyopotea haikuwa yangu, ilikuwa ya kaka yangu.

Msimu wa juzi kaka alipata mkwanja wa maana kidogo. Mpango wake ulikuwa kupiga plasta na kuweka silingibodi. Mimi ndiye niliyemjaza maneno. Nikamwonyesha mapicha kwenye simu, nikamwambia bro, plasta haionekani, muziki unasikika. Tukampata jamaa mmoja aliyekuwa anakodisha muziki wa sherehe, anauza mabufa mawili ya honi ya ukumbini, yale ambayo ndani njia ya sauti imekunjwakunjwa, spika inchi 18 kila moja, na juu yake honi za sauti nyembamba. Milioni moja na laki sita. Kwenye uwanja wake yalipiga mpaka nguo zikawa zinapepea. Tukalipa, tukayapakia kwenye kirikuu, tukaja nayo tukiimba.

Sebule ya kaka ni mita tatu na nusu kwa nne. Ukuta wa tofali za kuchoma, chini sementi, juu bati tupu.

Daah. Tulivyowasha, ilikuwa kama kuna mtu anapiga kelele ndani ya pipa. Besi hakuna, kuna mtetemo tu. Sauti ya mwimbaji inakuchoma kwenye paji la uso. Ukitoka nje ukasimama chini ya mwembe, muziki mtamu! Yaani mwenye nyumba anateseka, mpita njia ndiye anafaidi. Tukaongeza sauti tukidhani itajirekebisha. Umeme ulikuwa wa sola, betri ikalia, inveta ikazima.

Asubuhi akaja bibi jirani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kizingiti akamtazama kaka.

"Mume wangu, kwenye hayo makabati mmeweka nini? Jana bati langu lilikuwa linaongea peke yake."

Kaka akacheka, akaomba radhi. Mimi sikucheka, maana niliiona sura yake alipoangalia ukuta usio na plasta.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mzee pale Masasi mjini, anatengeneza redio tangu enzi za kaseti. Alinipa somo ambalo natamani ningelipata kabla, na nyingine nikaja kuzichimba mwenyewe.

Honi kazi yake ni moja. Weka viganja mdomoni umwite mtu aliye ng'ambo ya bonde, hiyo ndiyo honi. Hujaongeza nguvu ya koo, umeisaidia hewa ipokee sauti vizuri na umeielekeza mbele. Baragumu ni hivyohivyo, na siwa za Lamu na Pate ni hivyohivyo. Wazee walijua mambo haya bila umeme. Sasa spika ya kawaida inapoteza karibu nguvu yote unayoipa, inageuka joto. Ya honi inapoteza kidogo zaidi, kwa hiyo unaipa wati chache inakurudishia sauti nyingi.

Hapo ndipo kuna namba ambayo ukienda dukani unatakiwa uiulize kabla ya bei: inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja? Spika ndogo nyingi za nyumbani zipo kwenye 85 mpaka 88. Za honi zinaweza kufika 100 na kupita. Usione tofauti ni ndogo. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi inabidi wati zizidishwe mara mbili. Kwa hiyo spika ya 85 inahitaji wati 32 kufanya kazi ambayo ya 100 inafanya kwa wati moja. Mtu wa Oysterbay hilo halimhusu sana. Wewe mwenye paneli moja na betri ya kugombania na taa na chaji za simu, linakuhusu kinoma. Na wenye umeme wa gridi mnajua unavyokatika, wakati gesi inatoka Mnazi Bay hapohapo mkoani kwetu. Tuyaache hayo.

Hizi wati zilizoandikwa kwenye boksi, "PMPO 10,000W", zipotezee. Hicho ni kipimo kisicho na sheria, kila kiwanda kinajipangia. Geuza sabufa nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Ukikuta imeandikwa wati 60, basi haiwezi kutoa elfu kumi, labda iwe na mganga.

Kama honi ni nzuri hivyo, ya kaka ilikosea wapi? Ukubwa, na umbali. Sauti ya besi ina wimbi refu ajabu. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Ili honi iishike besi hiyo vizuri, mdomo wake unatakiwa uwe mkubwa wa kutisha. Yale mabufa ya ukumbini hufanya ujanja wa kupangwa manne, sita, yanane pamoja, midomo inaungana inakuwa mdomo mmoja mkubwa. Ukichukua mawili ukayatenganisha kwenye chumba umechukua nusu ya mashine. Halafu sauti ya honi ya juu na ya bufa la chini zinahitaji nafasi zikutane kabla ya kukufikia sikioni. Fundi alisema kwa yale mabufa hata mita nne ni karibu mno. Sisi tulikuwa tumekaa mita mbili na nusu, magoti yanagusa.

Kuna mtu aliitafutia dawa shida hii zamani sana. Paul Klipsch, injinia wa Marekani, mwaka 1946 alifungua kampuni kule Hope, Arkansas, akauza spika inaitwa Klipschorn. Honi ya besi aliikunja ndani ya kabati, halafu kabati likawa la kuwekwa kwenye kona ya chumba, kuta mbili zinamalizia mdomo wa honi. Nyumba yenyewe inakuwa spika! Inatajwa kutoa desibeli 105 kwa wati moja. Lakini kila moja ina uzito wa zaidi ya kilo 70 na jozi inataka kona mbili nzima, zisizo na mlango wala dirisha. Hesabu kona za sebule yako. Ya kaka ina kona moja tu ya hivyo, nyingine ina mlango wa chumbani.

Kosa jingine nimeliona kwa vijana wa geto, wale wanaochukua honi za bati za kijivu, zile za mikutano ya hadhara na minara. Jamani. Zile zimetengenezwa zibebe maneno ya mtu mpaka mbali, besi hazina na za juu kabisa hazina. Ukipigia singeli unasikia kama tangazo la mnada wa korosho.

Tulichofanya mwisho wake: mabufa tuliyauza laki tisa na nusu kwa vijana wa sherehe, ambako ndiko kwao. Tukapoteza laki sita na nusu, siyo utani, ndiyo plasta yenyewe hiyo. Kwa laki nne na themanini fundi akatutengenezea maboksi mawili ya kawaida yenye tundu la kupumulia, kila moja spika ya inchi 12 kwa besi, na juu yake honi moja ya mbao yenye drava yake, upana kama sinia la pilau. Yaani honi tumeiachia sauti za kati na za juu, ambako mdomo wake hauhitaji kuwa mkubwa kama mlango. Amplifaya ni kabodi kadogo, hata wati 20 haifiki. Besi ya kutetemesha mbavu haipo, sitawadanganya. Lakini sauti ya mtu inasimama katikati ya chumba kama kaingia kuomba maji. Zile rekodi za zamani za Redio Tanzania, za NUTA Jazz na wenzao, magitaa unayasikia moja moja.

Ila mjiandae, honi ni mnoko. Wimbo uliopakuliwa kwenye tovuti za hovyo, umebanwa mpaka umekonda, sabufa itakufichia, honi itakusema mbele ya wageni. Amplifaya mbovu yenye mchirizo ni hivyohivyo, ukiwa umenyamazisha wimbo unasikia shhhh. Kaka alitupa nusu ya nyimbo za kwenye flashi yake.

Ukienda kununua ya mtumba, usikubali kupigiwa kwa sauti kubwa. Muuzaji anapenda sauti kubwa kwa sababu inaficha. Mwambie ashushe kabisa, weka mwimbaji wa kike au mtu anayeongea tu, sogeza sikio kwenye kila honi. Ikikwaruza, drava imeumwa. Zote mbili zilingane. Sukuma karatasi ya spika kubwa kwa vidole taratibu, ikisugua, ondoka. Nenda na futi ya fundi, pima chumba chako kabla hujatoka nyumbani. Na ya chumba usiidharau: sisi tulitundika pazia zito ukuta wa nyuma, mkeka chini, na kabati la nguo tukalihamishia sebuleni, sauti ikabadilika kuliko siku tuliyobadilisha amplifaya. Bati bado lipo uchi.

Masikio pia ni mali. Kwenye desibeli 85 wataalamu wa afya kazini wanakupa saa nane. Kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Honi inafika 100 bila hata kutoka jasho na haikwaruzi, ndiyo maana hutajua umezidisha. Utajua asubuhi masikio yanapiga mluzi.

Bibi jirani bado anakuja. Siku hizi Jumapili jioni anataka kwaya, anakaa palepale kizingitini, halafu anatuambia tupandishe kidogo. Kaka anaangalia ukuta, ananiangalia mimi, anapandisha. Msimu huu nimemwahidi nitachangia mifuko kumi ya sementi na mtanishuhudia.

Na yule staa wetu? Nimeirudia klipu yake mara tano. Kamera inapozunguka nyuma ya TV, tulia hapo, vuta karibu. Zile honi hazina waya hata mmoja. Muziki unaousikia unatoka kwenye kispika cha bluetooth kilichopo chini ya meza. Kamwulizeni bei ya hicho.